Maiti haulizwi sanda, aliye hai aulizwe

Ikiwa unaishi Changamwe, Magongo au Mikindani, bila shaka umewahi kuombwa mchango wa dawa. Si dawa ya mgonjwa, bali ya marehemu. Jirani amefariki, kwao ni Busia au Siaya, na kamati ya mazishi imeketi nje ya nyumba jioni, daftari la michango mkononi. Katika orodha mna jeneza, gari, mafuta na chakula cha waombolezaji. Dawa nayo haikosi, kwa kuwa bila hiyo marehemu hataweza kustahimili safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye joto la Mombasa hadi kwa mababu zake.

Nenda Kisauni au Likoni, uone mambo mengine. Mwislamu akifariki alfajiri, ikifika alasiri amekwisha kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Dawa ya nini tena? Ardhi iko karibu na ndugu wamekwisha kufika.

Wengi wetu tunazijua safari hizo mbili tu. Lakini kuna safari ya tatu ambayo hatuizungumzi matangani wala barazani. Ni ya mwili usiokwenda kaburini siku hiyo, wala usiopakiwa garini kwenda bara. Huo hupelekwa katika chuo cha udaktari, ukatiwa dawa kali kuliko ile ya safari, kisha ukalazwa juu ya meza ili vijana wajifunze namna mimi na wewe tulivyoumbwa. Waweza kukaa huko mwaka mzima, hata miwili, kabla ya kuzikwa. Leo ningependa tuitazame safari hiyo, na hasa swali moja linaloihusu: ni nani huombwa ruhusa?

Aliyeliuliza swali hilo kwanza nyumbani kwetu ni mamangu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kimoja cha bara, mwaka wake wa kwanza wa udaktari. Tulikuwa tukila, naye akawa anaeleza jinsi harufu ya chumba cha anatomia inavyong'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa mara mbili. Wadogo zake walicheka. Mamangu hakucheka. Aliweka kijiko chini akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mtu mnayempasua alikuwa mtoto wa nani?"

Kijana alisita. "Hatujui, nyanya. Ana nambari tu."

"Basi nambari haina mama?"

Hakuna aliyemjibu. Tangu usiku huo nimekuwa nikiulizia jambo hili, kwa madaktari, kwa wahudumu wa vyumba vya maiti na kwa watu wa dini, na hapa nakuletea niliyoyapata.

Kwanza tuelewane kuhusu sababu. Kwa nini mwili wa binadamu, wakati siku hizi kuna masanamu ya plastiki na picha za kompyuta? Nilimuuliza kijana wetu, naye akanijibu vizuri. "Shangazi, kitabuni mishipa imepakwa rangi nyekundu na buluu, kila mmoja mahali pake. Mwilini hakuna aliyepaka rangi. Na watu hawafanani ndani kama wasivyofanana nyuso. Mshipa ambao kitabu kinasema upo hapa, kwa mwingine umepita kwingine." Daktari anayekupasua kutoa kidole tumbo anapaswa kuwa ameshayaona hayo kabla ya kukufikia wewe. Asipojifunzia kwa mtu asiyehisi maumivu, itambidi ajifunzie kwako.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Mtu akifariki, chembechembe za mwili wake huanza kujimeng'enya zenyewe, na vijidudu vilivyokuwa tumboni mwake maisha yote hupata uhuru wa kusambaa. Joto huharakisha kazi hiyo, na joto la Mombasa kila mtu analijua. Barafu na jokofu hupunguza kasi, lakini haziizuii kabisa.

Hapo ndipo formalini inapoingia. Hii ni gesi ya formaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji, kwa kiasi cha asilimia 37 hadi 40. Mwaka 1893 daktari mmoja wa Frankfurt, Ujerumani, Ferdinand Blum, alikuwa akiijaribu kama dawa ya kuua viini. Akagundua kwamba ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu. Wengine wangenawa mikono na kuendelea na kazi, lakini yeye akajiuliza: ikiwa inakausha ngozi ya mtu aliye hai, itaifanya nini nyama ya maiti? Tangu hapo formalini ikawa mfalme wa vyumba vya anatomia duniani.

Fikiria yai unalochemsha. Ute uliokuwa ukiteleza hugeuka mweupe na mgumu, na hata likipoa haurudi ulivyokuwa. Formalini huifanyia nyama ya mwili jambo linalokaribiana na hilo, bila moto. Huzifunga protini pamoja, zisiweze kumeng'enywa, na vijidudu navyo hufa.

Njia ya kuitia ni ile ile iliyotumika tangu karne ya 18, wakati wa akina William Hunter wa London. Mhudumu hutafuta mshipa mkubwa unaosafirisha damu kutoka moyoni, mara nyingi ule wa kwenye nyonga au wa shingoni. Huingiza mpira mwembamba, na dawa hushuka kutoka chombo kilichoning'inizwa juu au husukumwa kwa pampu. Mishipa iliyokuwa ikipeleka damu hadi ncha za vidole sasa hupeleka dawa. Mwili wa mtu mzima waweza kuhitaji lita kumi au zaidi.

Tofauti ya dawa ya safari na dawa ya chuo ni hii. Ya safari huwa nyepesi, kwa kuwa kazi yake ni siku chache na jamaa wanataka kuutazama uso wa mpendwa wao ukiwa kama aliyelala. Ya chuo ni nzito na imechanganywa na vitu vingine: fenoli ya kuzuia ukungu, gliserini ya kuzuia mwili usikauke, na spiriti ya kusaidia dawa kupenya. Kisha mwili hutulia kwa majuma au miezi hadi dawa imekolea.

Formalini ina ubaya wake. Huukakamaza mwili. Mkono haukunjiki, misuli hugeuka rangi ya kijivu au hudhurungi, na daktari anayetaka kujizoeza upasuaji huona kama anakata mpira wa gurudumu. Pia huwasha macho na pua. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha formaldehaidi miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ile ya nyuma ya pua. Kwa hivyo unapomwona mhudumu wa chumba cha maiti akifanya kazi bila barakoa wala glavu, usidhani ni ushujaa. Ni mwajiri aliyesahau wajibu wake.

Wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 1992 Profesa Walter Thiel wa Graz, Austria, alichapisha njia aliyoifanyia kazi kwa miaka mingi. Alipunguza sana formalini, akaweka badala yake mchanganyiko wa chumvi mbalimbali, asidi ya boriki na vinginevyo, kisha akauzamisha mwili katika tangi kwa miezi. Mwili wa namna hiyo hubaki laini, viungo hukunjika, na rangi hukaribia ya mtu aliye hai. Daktari wa upasuaji aweza kujifunza juu yake kupitisha vyombo kwenye tundu dogo la tumbo, au kubadilisha goti. Chuo Kikuu cha Dundee huko Uskochi ni kimojawapo cha vyuo vilivyoichukua njia hiyo. Tatizo ni gharama, na matangi yanayotaka nafasi.

Vyuo vingine huugandisha mwili kwa baridi kali bila dawa, kisha huuyeyusha siku ya mafunzo. Huo hufanana zaidi na mtu aliye hai, lakini hauna siku nyingi. Na kuna ile njia ya Mjerumani Gunther von Hagens, aliyoibuni Heidelberg mwaka 1977, ambapo maji na mafuta ya mwili hutolewa na nafasi yake kujazwa plastiki. Kiungo hukauka, hakinuki, na hudumu miaka mingi. Hicho ni cha kutazama na kushika, si cha kukata.

Usinione nakosa adabu nikikumbusha kwamba hata mvuvi wa Mtongwe anajua mlango wa elimu hii. Anapotia chumvi samaki ili apate ng'onda, anawanyima vijidudu maji. Wapo wanaanatomia waliotumia mmumunyo wa chumvi nyingi kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa chumvi ni rahisi na haiumizi mapafu ya mwanafunzi.

Haya yote ni ufundi, na ufundi una majibu. Swali la mamangu ndilo gumu. Miili hutoka wapi?

Historia yake haipendezi. Mwaka 1828, katika mji wa Edinburgh, wanaume wawili, William Burke na William Hare, waliua watu 16 na kuiuza miili yao kwa Dkt. Robert Knox, mwalimu wa anatomia aliyekuwa na wanafunzi wengi na maiti wachache. Waliouawa walikuwa maskini, wageni na watu wa kuombaomba, ambao wauaji walitumaini hakuna atakayewaulizia. Burke alinyongwa Januari 1829, na kwa amri ya mahakama mwili wake ukapasuliwa mbele ya wanafunzi. Mifupa yake ingali Edinburgh hadi leo.

Ili kukomesha biashara hiyo, Uingereza ilipitisha Sheria ya Anatomia mwaka 1832. Badala ya kununua kwa wezi wa makaburi, vyuo viliruhusiwa kuchukua miili isiyodaiwa na mtu kutoka hospitali na nyumba za maskini. Wauaji wakakosa soko. Lakini angalia aliyelipa: maskini aliyekuwa akiogopa kuuawa sasa akawa anaogopa kufia hospitalini bila jamaa.

Waingereza walipotutawala walituachia mengi, na fikra hiyo ni mojawapo. Kenya nayo ina Sheria ya Anatomia, sura ya 249. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1967, na Chuo Kikuu cha Moi kilipofuata huko Eldoret mwaka 1990, wanafunzi walihitaji miili, na miili iliyopatikana kwa urahisi ni ile isiyodaiwa. Si Kenya peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu vyuo vya udaktari barani Afrika ulionyesha kwamba vingi hutegemea miili ya namna hiyo, na wanaojitolea kwa hiari ni wachache mno.

Sasa hebu tujiulize, hapa kwetu asiyedaiwa ni nani? Wewe unayesoma gazeti hili kitandani Jumapili huenda ukadhani ni mtu wa ajabu, asiye na kwao. La hasha. Ni kibarua aliyekuja kutafuta kazi bandarini, akapanga chumba Chaani na mtu anayemjua kwa jina la utani tu. Ni msichana wa kazi aliyegongwa na gari kwenye barabara kuu bila kitambulisho. Ni mzee aliyepotea akili, akatoka nyumbani Timbwani, akavuka feri bila kujua aendako. Kila mmoja wao ana mama au alikuwa naye. Hospitali hutoa tangazo gazetini, jina likiwa "mwanamume Mwafrika asiyejulikana", na jamaa walio kijijini hawalioni tangazo hilo.

Watu wa Likoni hawahitaji kufundishwa thamani ya mwili kupatikana na kutambuliwa. Aprili 29, mwaka 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 kufa maji, familia zilisimama ufukweni na nje ya chumba cha maiti siku kadhaa. Aliyempata wake alilia, akazika. Aliyechelewa kumpata wake alilia asijue aanzie wapi matanga. Nimewasikia wazee wakisema kwamba kungoja kulikuwa kuzito kuliko kuzika.

Nilikwenda Kisauni kumwona jirani wa zamani, mwalimu wa madrasa, nikamuuliza dini inasemaje. Alinikaribisha kahawa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, maiti ana heshima kama aliye hai. Hilo halina mjadala. Lakini na kumponya aliye hai ni faradhi juu ya jamii." Akanieleza kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1987, liliruhusu kupasua maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari, ila kwa masharti: mwenyewe awe ametoa idhini kabla ya kufa au warithi wake waidhinishe baadaye, kukata kusizidi haja, na mwili wa mwanamke upasuliwe na madaktari wanawake isipokuwa wakikosekana. Viungo vyote huzikwa. Wapo wanazuoni wenye msimamo mkali zaidi, akaongeza, na Mwislamu amfuate anayemwamini. Lakini sharti la idhini nililiona limekaa mbele.

Kwa Wakristo, makanisa mengi hayakatazi mtu kutoa mwili wake, mradi mabaki yazikwe kwa heshima. Mila zetu ndizo nzito. Sisi Wataita, kama wenzetu wengi, tunataka mtu arudi kwao. Mtu asiyezikwa kwao tunamhesabu kuwa yuko njiani bado.

Je, kuna mahali walipoweza kupatanisha haya? Nimesoma habari za Chuo Kikuu cha Tzu Chi, huko Hualien, Taiwan. Huko waliotoa miili yao huitwa walimu wakimya. Kabla ya masomo kuanza, wanafunzi hutembelea familia ya marehemu, wakaelezwa alikuwa nani, alipenda nini, na kwa nini aliamua kujitoa. Jina lake hujulikana. Masomo yakiisha, wanafunzi wenyewe hushona kila walipopasua, humvisha nguo, humlaza jenezani na kumsindikiza pamoja na jamaa zake. Nilipomsimulia kijana wetu, alinyamaza. Kisha akasema, "Shangazi, mimi ningetamani nimjue wangu. Walau jina, nimshukuru."

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Ni kweli, huvikwa anachopewa. Lakini sote tuliwahi kuwa hai kabla ya kuwa maiti, na aliye hai anaweza kuulizwa. Sheria yetu imeacha mlango wazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kutoa mwili wake utumike baada ya kufa, kwa wosia, au kwa hati iliyotiwa sahihi na yeye pamoja na mashahidi wawili, au hata kwa kauli mbele ya mashahidi wawili. Halazimishwi mtu. Anayetaka aseme, na asiyetaka pia aseme, ili watoto wasije wakagombana juu ya jeneza.

Mamangu amekwisha kusema lake. Anataka azikwe Taita, mzima, karibu na babangu, na haulizwi mara ya pili. Mimi nimewaambia ndugu zangu hivi: chuo kitakachokubali kuliandika jina langu mbele ya wanafunzi, na kuirudisha mifupa yangu Taita wamalizapo, kinichukue. Kisichokubali, niacheni niende na mama. Kaka yangu alisema nimeanza kuota mchana. Huenda ni kweli, lakini mashahidi wawili nimeshawapata.

Kwako wewe msomaji, naomba mambo matatu. Zungumza na wa nyumbani mwako kuhusu utakalo, hata kama watakuambia unajitabiria kifo. Kijana anayeishi peke yake Changamwe au Likoni na atembee na kitambulisho chake na nambari ya simu ya jamaa, imeandikwa kwenye karatasi, kwa maana simu huzima na huibwa. Na ndugu yako akikatika mawasiliano, usingoje mwezi uishe ukisema labda ana shughuli. Ripoti polisi, kisha ulizia hospitalini na chumba cha maiti mapema, ungali na uwezo wa kumwita kwa jina lake.